Kupanga yote kwanza ao kurekebisha njiani: njia mbili za kuongoza mradi

Miradi mingi inafuata njia ya zamani: mpango muzima unaandikwa, bajeti inapitishwa, kazi inafanyika hatua kwa hatua, mwishowe inakabidhiwa. Kwa daraja ao mabomba ya maji, njia hii inafaa. Nguzo ikiisha kumwagiwa sima, hakuna wa kuihamisha juu mkaaji mumoja amebadili mawazo.

Njia ya pili inaitwa "agile", ni kusema nyepesi kugeuka. Watengenezaji 17 wa programu za kompyuta waliandika kanuni zake mwezi wa pili 2001, kule Snowbird, jimbo la Utah, Marekani. Walichoka na mipango minene ambayo mteja anangojea muda murefu, kisha akipewa kazi anasema haikuwa hii. Wao wanakata kazi vipande vya wiki chache, wanamuonyesha mwenye kuitumia, wanamusikiliza, wanarekebisha.

Wakaaji wa Beni na Butembo waliona tofauti hiyo bila kusikia jina lake. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018. Timu zilifika na utaratibu ulioandikwa tangu milipuko ya mbele: mgonjwa anatengwa, maiti inafungwa ndani ya mfuko usioonyesha kitu. Familia ziliuliza nani yumo, na uvumi ukaenea kwamba miili inatolewa viungo. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliandika maneno hayo siku kwa siku, na mifuko ya kuonyesha ikaletwa. Shirika ALIMA nalo lilitumia CUBE, chumba cha plastiki angavu ambamo jamaa anaona mgonjwa wake na kuongea naye.

Si yote iligeuzwa, na ilikuwa vizuri. Chanjo ilidai baridi ya chini ya -60, na waliomugusa mgonjwa walifuatwa siku 21. Hapo hakuna mjadala. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, vifo 2.287.

Shida kubwa ni feza. Mara mingi mfadhili anafunga bajeti mstari kwa mstari. Timu inaita mukutano, inaandika malalamiko, lakini haina ruhusa ya kuhamisha hata franka. Kamati ya kartiye inaweza kuuliza mapema, mbele ya mukutano wa kwanza: kitu gani katika mradi huu kinaweza kubadilika, na nani anatia sahihi?