Justin, Mwanafalsafa Aliyeitetea Imani

Mkristo aishiye kati ya watu wenye elimu na desturi zisizo zake huwa na njia tatu mbele yake: kujificha, kugombana, au kujieleza. Ya kwanza ni rahisi, na ya pili huwapendeza wenye hasira. Ya tatu ndiyo ngumu, maana yataka akili na mwenendo mwema kwa pamoja. Ukitaka, msomaji, kumjua mtu aliyeishika njia hiyo ya tatu katika siku za mwanzo za Kanisa, mtazame Justin.

Alizaliwa yapata mwaka 100 katika mji wa Flavia Neapolis huko Palestina, ambao leo waitwa Nablus. Hakulelewa katika Ukristo. Ujanani aliitafuta kweli kwa wanafalsafa, ambao zama zile walihesabiwa kuwa mabingwa wa elimu. Mwalimu wa kwanza hakujali habari za Mungu. Wa pili alifanya haraka kudai ada. Wa tatu alimtaka kwanza ajifunze muziki, elimu ya nyota na jiometri. Hatimaye akayapata mafundisho ya Plato, akayafurahia sana. Lakini siku moja, kama asimuliavyo mwenyewe, alikutana na mzee mmoja karibu na bahari. Mzee huyo alimwuliza maswali yaliyomshinda, kisha akamwelekeza kwenye maandiko ya manabii. Tena Justin alikuwa amewaona Wakristo wakiyakabili mauti bila hofu, akatambua kwamba watu wa namna hiyo hawawezi kuwa waovu na wapenda anasa kama walivyosingiziwa.

Baada ya kuamini hakulivua joho la wanafalsafa. Alilivaa vivyo hivyo, akawa mwalimu katika jiji la Roma. Aliona ya kuwa kila neno la kweli lililonenwa na Socrates au Plato asili yake ni Neno wa Mungu, aliyezipanda mbegu zake katika akili za wanadamu wote. Basi elimu ya wakati wake hakuifanya adui wa kukimbiwa wala bwana wa kusujudiwa, aliipima.

Zama hizo kuwa Mkristo kulikuwa hatari. Yapata mwaka 112 Kaisari Trajan alimwandikia liwali wake Pliny kwamba Wakristo wasisakwe, walakini mtu akishtakiwa na kukataa kuiabudu miungu, aadhibiwe. Nao watu wa kawaida walivumisha kwamba Wakristo hawana Mungu, kwa kuwa hawakuziinamia sanamu. Kwamba hula nyama ya watu. Na kwamba hufanya uasherati gizani. Kati ya mwaka 150 na 155 hivi, Justin alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kitabu cha utetezi. Angalia alichokitaka. Hakuomba huruma wala upendeleo, aliomba uchunguzi. Mkristo aliyetenda uovu aadhibiwe kwa uovu wake, bali mtu asiuawe kwa sababu ya jina tu.

Kisha akaufungua mlango uliofungwa na uvumi. Alieleza waziwazi mambo yaliyotendeka siku ya Jumapili: maandiko husomwa, kiongozi huwaonya watu wayafuate mema, wote husimama na kuomba, ndipo mkate na divai huletwa, nao wasiokuwapo hupelekewa sehemu yao. Wenye mali hutoa kadiri wapendavyo, na michango hiyo huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Alisema pia kwamba Wakristo hulipa kodi, na kwamba hawatupi watoto wachanga, ingawa jambo hilo lilivumiliwa katika dola ya Kirumi. Hapo ndipo penye nguvu ya utetezi wake: aliyeyatilia shaka maneno yake angeweza kwenda kuwatazama watu wenyewe.

Hata hivyo tusimfanye Justin malaika. Katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba Warumi walimsimamishia Simoni mchawi sanamu katika kisiwa cha mto Tiber. Mwaka 1574 lilichimbuliwa kisiwani humo jiwe lenye maandishi ya kumheshimu Semo Sancus, mungu wa kale wa nchi ile, na wanahistoria wengi huona kuwa Justin alilichanganya jina. Nia njema haiponyi ushahidi mbovu.

Yapata mwaka 165, Marcus Aurelius akiwa Kaisari, Justin alishtakiwa pamoja na wenzake sita, mmoja wao mwanamke, na mwingine mtumwa wa Kaisari. Hakimu alikuwa Rusticus, mkuu wa jiji, aliyewahi kumfundisha Marcus Aurelius falsafa. Msomi alimhukumu msomi. Washtakiwa waliamriwa kuitolea miungu dhabihu. Wote wakakataa, wakakatwa vichwa. Ruhusa ya Wakristo kuabudu kwa uhuru ilithibitishwa mwaka 313, karibu miaka 150 baadaye.

Nawe, mwanafunzi, utaulizwa habari za imani yako na wenzako wa dini nyingine na wasio na dini. Uvumi wa leo hupita simuni upesi kuliko ulivyopita katika njia za Roma. Usione haya kuulizwa, wala usimchukie aulizaye. Jifunze elimu ya wakati wako mpaka uweze kusema naye kwa lugha aifahamuye. Hakikisha kila neno kabla ya kulinena. Na uishi hivi kwamba akija kukuchunguza, asikute kinyume cha ulivyosema.