Nisba ya Mshairi: Jina la Al-Buhriy katika Tanga

Mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima anajulikana kwa jina refu: Hemedi bin Abdallah bin Said bin Abdallah bin Masudi al-Buhriy. Majina matano ni ya watu, na la sita ni nisba. Mwenye kulisoma kutoka mwisho kurejea mwanzo amekwisha kusafiri: ameanzia Omani, iliko asili ya nisba hiyo, akapita kwa mababu wanne, na kumkuta mtu wa Tanga aliyetunga kwa Kiswahili.

Njia yenyewe ilikuwa ya pepo. Kaskazi iliyaleta majahazi na kusi iliyarejesha, na kila musimu walikuwapo waliobaki. Baada ya Waomani kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, na hasa Sayyid Said alipoifanya Unguja makao yake katika karne ya 19, wakaaji wa namna hiyo walizidi Unguja, Pemba na Mrima wote. Walioa, walilima, walizaa. Lugha ya nyumbani ikawa ya mama. Nisba peke yake ndiyo iliyobakia Kiarabu.

Ndiyo maana si haki kuipima nisba kwa kipimo cha karani, atakaye jina moja la mwisho kwa kila mtu. Ayalandi nayo ilipata mtihani huo: Ó, yaani mjukuu wa, na Mac, yaani mwana wa, viliachwa na familia nyingi chini ya utawala wa Waingereza. Kwetu kilichodondoka ni “bin”, na kwa kudondoka kwake baba na mwana hugeuka mtu mmoja mwenye majina mawili.

Ama Hemedi, aliishi katika zama ambazo jina la Kiarabu lilikuwa na uzito wa hatari. Mwezi Aprili 1888 Sayyid Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Agosti bendera yao ilizua ghasia Pangani. Septemba Tanga ikapigwa mizinga kutoka baharini. Kiongozi wa upinzani wa Pangani, Bushiri bin Salim, naye alikuwa na nisba yake, al-Harthi. Wajerumani walipenda kuyaita mapambano hayo maasi ya Waarabu, kana kwamba nisba ya mtu mmoja yatosha kueleza hasira ya pwani nzima. Bushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, ndani ya mwaka 1307 wa Hijra, ambao Hemedi ameutia katika anwani ya utenzi wake. Na katika anwani hiyo hiyo, kilichotamalakiwa ni Mrima. Al-Buhriy hakuomboleza Omani.

Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alilipeleka jina kwenye sheria. Kitabu chake cha Mirathi kilifasiriwa kwa Kiingereza na Philip Mitchell mwaka 1923, huyo aliyekuja kuwa gavana wa Uganda na kisha Kenya. Nikahi ilitoka Dar es Salaam mwaka 1959. Kwa hiyo watawala waliokuja baada ya Wadachi walijifunza sheria za ndoa na urithi wa Waislamu wa pwani kwa mtoto wa mshairi aliyesimulia kutekwa kwake.

Utenzi wa baba ulichapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1955. Baadaye, katika mfululizo wa Johari za Kiswahili, zilifuata Abdirrahmani na Sufiyani mwaka 1961 na Seyyidna Huseni bin Ali mwaka 1965. Humo na kwingineko nisba imeandikwa Buhriy, Buhry, mara kwa “el”, mara kwa “al”. Anayemtafuta Hemedi maktabani hana budi kuanza na B, akimkosa aende E, kisha A. Na pengine atamkuta kwenye H, chini ya jina alilopewa na babake.