Habari za Gari Letu la Dizeli, 2015 hadi 2025

Chama Kikuu chetu kilipoandikishwa mwaka 2015 hakikuwa na ghala wala mizani, na Katibu aliandikia juu ya sanduku la dawa za kahawa. Mali yake ya kwanza ilikuwa Land Rover moja ya dizeli, ya wazi nyuma, iliyonunuliwa mnadani kwa fedha za hisa za vyama vya msingi. Kadi yake yaonyesha ya kwamba ilitengenezwa mwaka 1974. Basi gari hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko Katibu mwenyewe, na siku lilipoletwa uwanjani likivutwa kwa kamba na trekta, wako wanachama waliocheka, na wako walionyamaza kwa hasira.

Hao walionyamaza walikuwa na sababu, nayo yafaa iandikwe. Wazee wetu wa milima ya Umatengo wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa katika Tanzania nzima, na mali zilizokuwa zimekusanywa kwa jasho la wakulima zikaingia katika mikono mingine. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu vyama hivyo virudi, lakini magari hayakurudi. Kwa hiyo mzee mmoja alipotuuliza katika mkutano wa kwanza, “Gari la ushirika huishia wapi?”, hakuwa akifanya mzaha. Habari hizi twaziandika kwa ajili ya swali lake, na hatutaficha palipo na aibu yetu.

Kabla ya kueleza yaliyotupata, yatupasa kueleza injini ya namna hii imetoka wapi, maana wanachama wengi hutuuliza kwa nini gari la dizeli halina plagi za kutoa cheche, na kwa nini mafundi huogopa sana uchafu ndani ya mafuta yake. Mambo hayo mawili ni jambo moja.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wa wazazi Wajerumani. Mwaka 1892 aliomba haki ya uvumbuzi wa injini yake, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, ilijaribiwa ikaonekana kutumia mafuta kwa faida kubwa kuliko mashine zote za mvuke za wakati ule. Ndani ya silinda ya injini hiyo hewa hubanwa sana, hata ikapata moto mkali. Ndipo mafuta hunyunyizwa ndani yake, nayo huwaka yenyewe pasipo cheche. Katika injini iliyokuja na gari letu, hewa iliyojaa nafasi ya debe ishirini na tatu ilikuwa ikisukumwa hata ikae katika debe moja. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa kuwa Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kupata nguvu za mashine kutoka mashambani mwake. Twadhani mkulima asomaye habari hiyo atatabasamu. Diesel mwenyewe hakuona injini yake ikienea katika magari. Alitoweka usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, akiwa melini kutoka Antwerp kwenda Uingereza.

Injini zile za kwanza zilikuwa nzito mno kwa gari. Mlango ulifunguliwa hasa na pampu ya kusukumia mafuta ambayo kiwanda cha Robert Bosch kilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927. Pampu ya namna hiyo hupima tone dogo la mafuta na kulisukuma kwa nguvu nyingi mpaka kwenye nozeli, kwa wakati wake barabara. Vyuma vyake vimesuguliwa vikakaribiana hata unywele hauwezi kupita kati yake, na kinachovilainisha ni yale yale mafuta ya dizeli. Tunawaomba wasomaji wakumbuke sana sentensi hiyo ya mwisho.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bati la mwili wake lilikuwa la alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita; na ndiyo maana gari letu la umri ule lilikuwa na kutu katika chesisi lakini halikuwa nayo milangoni. Injini ya dizeli iliwekwa mwaka 1957, na ile kubwa zaidi, ya lita mbili na robo na nguvu za farasi 62, ikafuata mwaka 1961. Hiyo ndiyo tuliyoirithi.

Katika misimu miwili ya mwanzo gari lilitutumikia vyema. Lilipanda vijiji ambavyo malori hayafiki, likashusha kahawa kavu mpaka barabara ya lami iendayo Mbinga, na likirudi lilipakia mbolea. Magunia kumi na matano ya kilo hamsini ndiyo uliokuwa mzigo wake. Tarehe 29 Januari, 2016, kiwanda cha Solihull kilipomaliza kutengeneza magari ya nasaba hiyo, wanachama kadhaa walitujia wakihofu ya kwamba vipuri vitakwisha. Havikwisha, magari ya namna hiyo ni mengi mno duniani, na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Dereva wetu alipaka grisi, akabadilisha mafuta ya chujio la hewa kila yalipojaa vumbi, na kila Jumamosi alituletea karatasi ya mahitaji.

Hapa ndipo aibu yetu inapoanza. Katikati ya msimu wa mwaka 2017 dereva aliomba chujio jipya la dizeli. Tukamwambia angoje. Akaomba tena, tukamwambia fedha zote zimeelekezwa kwenye magunia. Katika majuma hayo hayo tulianza kununua dizeli ya mapipa kwa mchuuzi wa njiani, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya kituoni. Mweka Hazina aliufurahia unafuu huo, na sisi tuliousaini tuliufurahia pamoja naye. Ndani ya mapipa yale mlikuwa na maji. Na fundi aliyenusa mabaki alisema mlikuwa na mafuta ya taa pia. Hila hiyo ni ya zamani katika nchi yetu, hata mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa huwaka, naam, lakini ulainishaji wake ni hafifu, na maji hayalainishi kitu. Pampu ilikwaruzika, nozeli zikaziba, na gari likasimama mlimani likiwa na mzigo.

Lilisimama majuma matatu. Kahawa ya vijiji viwili ilikaa ndani ya nyumba za watu, na malipo yake yakachelewa. Wanachama waliokuwa na mgonjwa, au mtoto wa kupeleka shule, hawakuweza kungoja. Walikwenda kwa wanunuzi wa magoma, wale watoao fedha leo ili wachukue kahawa ya msimu ujao kwa bei wanayoitaka wao. Mwaka uliofuata kahawa ile haikuja kwetu. Twajua nyumba ambazo deni la majuma yale matatu lilizidi miaka miwili kulipwa. Chujio tulilolikataa lilikuwa na bei ndogo kuliko gunia tupu kumi.

Baada ya hapo hatukununua tena mafuta ya mapipa, na pampu ilitengenezwa. Lakini mwaka 2018 Serikali ilipoagiza kahawa ipitie vyama vya ushirika, kazi ya gari iliongezeka ghafula, nasi tuliongeza safari pasipo kuongeza mapumziko. Injini ya mwaka 1974 ina kranki iliyoshikwa na beringi kuu tatu. Watengenezaji wenyewe waliongeza zikawa tano mwaka 1980. Mwezi wa Agosti 2019 kranki yetu ilikatika vipande viwili.

Mkutano Mkuu wa mwaka ule ulikuwa mkali. Upande mmoja ulitaka gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na Chama kikope benki kununua gari jipya. Upande wa pili uliogopa deni kuliko ulivyoogopa gari bovu. Ndipo yule mzee aliyeuliza swali la kwanza akasimama tena. Hakusema mengi. Alisema anataka kujua ni nani aliyeandika mahali popote gari hili limekula kiasi gani na limeleta kiasi gani; akaketi. Hapakuwa na daftari kama hilo. Tulikuwa na stakabadhi ndani ya bahasha, nyingine zimeliwa na panya. Kura zilipopigwa, waliotaka gari litengenezwe walizidi kwa nane tu, na kwa sharti kwamba hesabu ya gari iwekwe mbali na hesabu nyingine zote, na isomwe kila mkutano.

Basi tukatafuta injini nyingine. Fundi alitushauri tuchukue ile ijulikanayo kama 200Tdi, ya lita mbili na nusu, iliyoanza kutumika katika magari ya kampuni hiyo hiyo mwaka 1989. Ina turbo, yaani kipepeo kinachozungushwa na moshi utokao ili kisukume hewa zaidi ndani ya silinda, na katika Land Rover za mizigo hutoa nguvu za farasi 107. Faida yake kwetu ilikuwa kwamba matundu yake ya bolti yanalingana na giaboksi ya zamani. Ilipatikana iliyotumika. Aliyetuuzia alituapia ya kwamba mkanda wake wa taimingi ni mpya. Fundi alisikiliza kiapo chote kwa adabu, kisha akafungua kifuniko. Mkanda ulikuwa umepasuka pembeni na meno yake yamejaa vumbi la miaka mingi. Injini ya zamani ilikuwa na mnyororo, nasi hatukujua hata kwamba jambo hilo lapasa kuulizwa. Mkanda huo ukikatika safarini, vyuma vinavyofungua vali hupinda, na gari husimama hapo hapo.

Injini ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Ekzosi ilitengenezwa upya, na mbele ya rejeta ilibidi ipatikane nafasi ya kipooza hewa ya turbo. Siku ya kulijaribu, gari lilipanda mlima wa ghalani katika gia ya tatu, jambo ambalo halijapata kuonekana, na watoto walilikimbilia wakishangilia.

Furaha hiyo ilituletea hatari nyingine. Wajumbe wa Bodi, nasi tukiwamo, tulianza kusema: kama nguvu zimekaribia kuongezeka maradufu, kwa nini mzigo usiongezwe? Tukapakia magunia ishirini na mawili. Jani kuu la springi ya nyuma lilikatika safari ya tatu, na giaboksi ikaanza kulia. Dereva alituambia kwa upole ya kwamba injini ni ya mwaka mwingine, lakini springi, giaboksi na breki bado ni za mwaka 1974, na ya kwamba anayeshuka mlima hasaidiwi na turbo. Ilikuwa haki yake kusema kwa ukali, wala hakufanya hivyo. Tulirudi kwenye magunia kumi na matano siku ile ile. Kisha, kwa kuwa injini mpya ilikuja na pampu ndogo ya kufyonza hewa, fundi alifunga busta ya breki, akabadilisha mipira yote ya breki na viatu vyake. Kwa maoni yetu hilo ndilo tengenezo bora kuliko yote tuliyolifanyia gari hili, ingawa hakuna mtoto aliyelishangilia.

Daftari la Gari lilianza Machi 2020. Kila safari huandikwa: kilomita, lita, mzigo, na saini ya aliyepokea. Kiasi kidogo hukatwa katika kila kilo inayobebwa na kuwekwa katika akaunti ya gari peke yake, na hakuna ofisa awezaye kuigusa pasipo saini ya mjumbe kutoka chama cha msingi. Mafuta ya injini hubadilishwa kila kilomita 5,000. Kitabu cha watengenezaji chasema mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 96,000, na nusu ya hizo penye vumbi. Vumbi letu wanachama walijua. Dizeli hupitishwa kwanza katika kitambaa na faneli, na dereva hufungua kizibo cha chini ya chujio kila asubuhi ili maji yatoke kabla ya kuwasha. Karatasi yake ya Jumamosi hujibiwa kwa maandishi siku ile ile, na likikataliwa ombo, aliyekataa huandika jina lake.

Yule mzee alifariki mwaka 2023. Jeneza lake lilipandishwa kijijini kwa gari hili, na safari hiyo imo katika Daftari kama nyingine zote: kilomita kumi na nne, lita mbili, pasipo malipo, kwa idhini ya Bodi.

Mkanda utafikia zamu yake kabla ya msimu ujao wa mavuno. Mpya umekwisha kununuliwa kwa fedha za akaunti ya gari, nao umo kabatini ofisini, juu ya daftari za hisa.