Nishani ya Bessemer na Wasifu wa Baba Mdogo

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Nilipewa kazi hiyo usiku, msibani Temeke, kwa sababu kwenye ukoo wetu mimi ndiye "wa mambo ya vitabu", na niliimaliza kwa dakika ishirini nikiwa nimeegemea ukuta, simu mkononi. Alizaliwa Rufiji, akasoma hadi darasa la saba, akaja Dar es Salaam, akaoa, akajaliwa watoto watano. Nilipofika kwenye kazi yake nikaandika: "Marehemu alikuwa mjasiriamali." Basi. Kesho yake ukasomwa mbele ya watu, watu wakaitikia, tukaenda makaburini. Tuliporudi tukala wali na maharage yaliyopikwa kwenye masufuria ambayo marehemu mwenyewe aliyamimina.

Sufuria moja lilikuwa mbele yangu wakati nakula. Miaka zaidi ya thelathini mtu anayeyusha aluminiamu, anatengeneza vyombo ambavyo nusu ya mama lishe wa Tandika wanavitumia, halafu mimi nimemwita mjasiriamali, jina ambalo siku hizi hata muuza vocha anapewa.

Nikarudi kwangu Mwananyamala na kero hiyo, na kama kawaida yangu nikaitafutia dawa kwenye kusoma. Nilitaka kujua wenzetu huwa wanamheshimu vipi mtu aliyemaliza maisha yake kwenye tanuri. Ndipo nikaangukia nishani ya Bessemer.

Chama cha watu wa chuma cha Uingereza, Iron and Steel Institute, kilianzishwa mwaka 1869. Mwaka 1873 Henry Bessemer, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshatajirika, alikipa chama fedha ili itolewe nishani ya dhahabu kwa mtu aliyefanya jambo kubwa katika kazi ya chuma na feleji. Wa kwanza kuipata, mwaka 1874, ni Isaac Lowthian Bell, mkemia na tajiri mwenye matanuri yake. Inatolewa mpaka leo. Ukipitia orodha ya waliopewa utakuta wavumbuzi, maprofesa, wenye viwanda, na mwaka 1899 utamkuta Malkia Victoria. Nilisoma mara mbili. Sijapata kusikia kwamba Malkia alishika hata koleo la kutolea makaa jikoni.

Lakini jina lililonishika ni la mwaka 1876: Robert Mushet.

Bessemer alijulikana kwa mbinu aliyoitangaza mwaka 1856. Unapuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Hewa inaunguza kaboni na uchafu, na kuungua huko kunapandisha joto lenyewe bila kuongeza mkaa. Kilichokuwa kikichukua siku kikawa kinachukua dakika. Wenye viwanda wakalipa fedha nyingi ili waruhusiwe kuitumia, kisha wakakuta chuma chao kinapasuka kikigongwa. Aliyeitibu shida hiyo ni Mushet, mtu wa Forest of Dean. Aligundua kwamba ukiongeza chuma chenye manganizi mwishoni, kinaondoa oksijeni iliyobaki na kurudisha kaboni kwa kiasi unachokitaka. Tatizo ni kwamba hati yake ya uvumbuzi ilifutika kwa sababu ada haikulipwa kwa wakati, na viwanda vikaendelea kutumia dawa yake bila kumlipa hata senti.

Mwaka 1866 Mushet alikuwa mgonjwa, hana kitu. Binti yake Mary, mwenye miaka 16, akapanda treni peke yake hadi London, akaenda kwa Bessemer na kumwambia kwamba utajiri wake umesimama juu ya kazi ya baba yake. Bessemer akakubali kumlipa Mushet pauni 300 kila mwaka, na miaka kumi baadaye nishani yenye jina la Bessemer ikawekwa mkononi mwa Mushet. Kwa hiyo historia hiyo yote ya dhahabu na hotuba ina binti ndani yake, aliyekwenda kusema. Mimi mtu mzima nilipewa nafasi ya kusema nikiwa nimekaa, na chai nimeletewa.

Huenda lugha yetu yenyewe ina wasiwasi na sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tunaambiwa tangu utotoni, na fundi wa Kiswahili anazoea kusifiwa kwa kurudiwa na mteja tu. Ila methali hiyo inamhusu mgema aliye hai. Marehemu atalitia maji tembo gani?

Wakati Mushet anapokea dhahabu yake, huku kwetu Buhaya, kwenye ukingo wa ziwa lililobandikwa jina la malkia yuleyule, watu walikuwa wanayeyusha chuma kutoka kwenye mawe. Kazi hiyo ilikuja kuuawa na majembe na vyuma vya kigeni vilivyoletwa kwa bei ya chini, na kufikia miaka ya 1970 waliobaki wakiijua walikuwa wazee walioifanya ujanani. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt, Mmarekani, aliwaomba waifanye tena.

Hebu fikiria: unaulizwa habari ya kazi uliyoiacha nusu karne nyuma, na wengi uliofanya nao wameshazikwa. Wazee wakaanza. Wakachimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, maana udongo wa mchwa unavumilia moto. Ndani ya shimo wakachoma matete ya kinamasi mpaka likajaa majivu na makaa mepesi ya matete hayo. Juu wakajenga tanuri, wakaingiza mabomba manane ya udongo, kila bomba na mvukuto wake, kila mvukuto na mtu wake. Jiwe la chuma wakalichoma kwanza, kisha likaingia pamoja na mkaa. Walikosea, wakarudia. Mwishowe kikatoka chuma, na ndani ya chuma hicho mlikuwa na feleji.

Tarehe 22 Septemba 1978 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Schmidt na mwenzake Donald Avery. Hoja yao ilikuwa kwamba mabomba yale yalipitishwa mpaka ndani kabisa ya tanuri, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye mkaa, na joto likapanda kupita nyuzi 1,800. Tena mabaki waliyoyachimba yalionyesha kwamba mababu wa wazee hao walikuwa wakifanya hivyo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ulaya hewa ya moto kwenye matanuri ya chuma inahesabiwa kuanza na James Neilson wa Scotland, mwaka 1828.

Makala hiyo ilizua kelele. Magazeti yaliandika kwa furaha. Wataalamu wa joto na madini wakakaza uso. J. E. Rehder aliandika mwaka 1986 kwamba hesabu za joto hazikubali, bomba la udongo haliwezi kupasha hewa kiasi hicho. Wengine wakapima tena, wakajibizana miaka na miaka. Mimi si mtu wa hesabu hizo na sitajitia kuamua. Nilichokiona ni kwamba ugomvi wote ni juu ya bomba. Chuma chenyewe kilitoka, wazee walikitoa, mbele ya mashahidi. Nao wamo kwenye habari hiyo kama "wazee wa Kihaya". Juu ya makala kuna majina mawili. Siwalaumu wenye majina. Ndivyo makala za sayansi zinavyoandikwa, na bila wao leo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Baadaye kazi hiyo ilianza kushikwa na watu wetu wenyewe. Akiolojia ilipoanza kufundishwa Mlimani miaka ya 1980, enzi ambazo Chuo Kikuu kilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kinondoni, walitoka watu kama Bertram Mapunda, aliyekwenda Ufipa kusoma malungu, yale matanuri marefu kuliko mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mvukuto. Felix Chami naye alichimba Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, akakuta mabaki ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Hapo nilisimama kidogo. Limbo iko upande uleule aliotokea Baba mdogo akija mjini na begi lake.

Sisemi kwamba alirithi. Alifundishwa na fundi mmoja wa Gerezani, kwa kufokewa. Tanuri lake lilikuwa nusu pipa lililokandikwa udongo mnene ndani, na hewa aliipuliza kwa feni ndogo. Umeme ukikatika, kijana anazungusha kwa mkono. Malighafi ilikuja na watoto wa chuma chakavu: pistoni, silinda hedi, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka. Makopo ya soda hakuyapenda, alisema ni membamba mno, yanaungua yakawa majivu kabla hayajawa uji. Alikuwa anagonga kipande kwa kipande kingine na kusikiliza. Pistoni ngumu, fremu laini. Akizichanganya kwa kiasi anachokijua yeye, uji unatiririka hadi kwenye ukingo wa sufuria bila kuacha tundu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba pistoni ina silikoni, na silikoni ndiyo inayofanya aluminiamu imiminike vizuri. Nilipomwambia akanitazama kama mtu aliyeletewa habari ya jana.

Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, kabla haijawa nyekundu ya kuonekana mchana, na hiyo ndiyo hatari yake: iko kimya tu, inang'aa kama maji, nayo itakutoa mguu. Hakuwa na kipimo. Alichovya ufito wa chuma. Uji ukiganda kwenye ufito, bado, ukiteleza, tayari. Kipande chenye maji hakikuingia kwenye tanuri lake hata kama mteja anasubiri, kwa sababu aliona mtu wa jirani alivyorukiwa.

Haya yote nilikuwa nayajua, ndugu msomaji. Nimekaa kwenye kibanda kile likizo zangu zote za sekondari. Ada yangu ya kidato cha tano ililipwa na masufuria. Usiku ule simu ikiwa mkononi hakuna hata moja lililonijia, limenijia "mjasiriamali", labda kwa sababu nilidhani ndilo neno litakalompa heshima mbele ya wageni.

Kwa hiyo siku ya arobaini ilipokaribia nikaomba niuandike upya. Nikaandika kurasa mbili. Nikaweka fundi wa Gerezani, pistoni na fremu, ufito, kipande chenye maji. Nikaandika "mhunzi", nikalifuta kwa kuwa mhunzi ni wa chuma na nyundo, nikarudisha, nikaliacha. Nikaenda Temeke kumsomea Mama mdogo kabla ya watu wengine. Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza:

"Na mchanga?"

"Mchanga gani, Mama?"

"Wa kalibu. Huo uji wenu mlikuwa mnaumwaga wapi, hewani?"

Nikasema nitaongeza kwamba alitengeneza kalibu za mchanga.

"Alitengeneza nani? Kila alfajiri nani alikuwa anauchekecha, wewe umelala hapo kwenye jamvi?" Akaweka ungo chini, akachota mchele ukajaa kiganja, akaubana. "Unautia udongo kidogo na maji kidogo. Ukiubana hivi ushikamane. Ukiuvunja, uvunjike mara moja, usimomonyoke. Maji yakizidi, sufuria linatoka na matundu na yeye anagomba siku nzima. Andika hivyo, mwanangu. Na mchanga wa jana haumwagwi, unachanganya na mpya. Umeandika?"