Nguo za Kwenu Ziingie Chunguni: Waliotutangulia Kuhamia Detroit



Tokea Mfunguo Mosi tumeshapokea mabiharusi watatu ambao tunawashonea nguo huku wenyewe wanahesabu siku za safari. Waume wamepata kazi Marekani, na si kwenye miji ile ya baharini tunayoiona kwenye sinema, bali huko kati, Ohio na Michigan, kwenye theluji. Mmoja alituuliza tukiwa na futi mkononi tunampima kifua: "Dada, huko Waislamu wapo? Au ndiyo nakwenda kukaa peke yangu?" Tukamjibu wapo. Alipotoka tukaona jibu lile lilikuwa fupi mno. Waislamu wameanza kuhamia miji ile zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kilichowapeleka ni hichohicho kinachompeleka yeye: kazi mpya ya mume.

Mwaka 1910 Henry Ford alifungua kiwanda cha magari Highland Park, mji mdogo uliozungukwa na jiji la Detroit. Mwaka 1913 akaanzisha utaratibu wa gari kupita mbele ya wafanyakazi, kila mtu amesimama pale pale anafanya jambo moja tu kutwa. Sisi mafundi tunajua kuchoka kwa kushona pindo peke yake tokea asubuhi hadi jioni. Fikirieni kufunga nati ileile mwezi baada ya mwezi. Watu walikuwa wakiacha kazi kila siku. Ndipo Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati kabla ya hapo mtu hakufikisha hata dola mbili na nusu kwa saa 9. Habari ilisambaa duniani. Wakaja Waitalia, Wapoland, Warusi, na pamoja nao Waislamu kutoka Lebanon na Syria, Waturuki, Waalbania na wengine.

Lakini zile dola 5 zilikuwa na masharti, na hapa ndipo panapotuhusu sisi wanawake. Karibu nusu ya fedha ile haikuitwa mshahara, iliitwa mgao wa faida, na aliyepewa ni yule aliyethibitika kuwa anaishi "vizuri". Kiwanda kilikuwa na idara nzima ya kukagua maisha ya wafanyakazi. Wakaguzi walikuja nyumbani. Waliuliza mtu anaweka akiba kiasi gani, analewa au halewi, nyumba ni safi au chafu, amepangisha wageni wangapi, ndoa yake ni ya kweli au la. Mume yuko kiwandani, basi nani anafungua mlango? Kazi ilikuwa ya mume, mtihani akafanya mke, tena kwa lugha asiyoijua, na chungu kiko motoni.

Halafu kulikuwa na skuli ya Kiingereza ya kiwanda. Sherehe yake ya kumaliza masomo hatuisahau tangu tulipoisoma, labda kwa sababu ni habari ya nguo. Jukwaani liliwekwa chungu kikubwa sana. Wanafunzi walishuka kama watu wanaotoka melini, wamevaa nguo za makwao, wakaingia ndani ya chungu. Walipotoka upande wa pili wote walikuwa wamevaa suti za Kimarekani, na vibendera mkononi. Watu wakapiga makofi. Sisi tunajiuliza zile nguo za mwanzo zilikwenda wapi. Kila koti lile lilikuwa na mama aliyelidarizi, na mwenye kushona anajua darizi moja inakula mikesha mingapi.

Kiwanda hakikuficha kilichotaka. Januari hiyo hiyo ya 1914 wafanyakazi wa Kigiriki na Kirusi baina ya 800 na 900 hawakwenda kazini kwa sababu ilikuwa Krismasi yao ya Kiorthodoksi. Wakafukuzwa. Wale ni Wakristo katika nchi ya Wakristo, na sikukuu yao ilihesabika utoro. Muislamu aliyesikia habari ile alijua Idi yake itapimwa vipi. Na saumu je? Mwaka 1921 Ramadhani ilianguka Mei na Juni, majira ambayo jua la Michigan halitaki kuzama, mtu anafunga karibu saa 17 na zamu yake iko palepale.

Mwaka huo huo wa 1921 msikiti ulijengwa Highland Park, karibu na kiwanda, kwa fedha za Mohammed Karoub, na ndugu yake Hussein Karoub akawa imamu. Ulikuwa miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa kujengwa Marekani makusudi iwe misikiti. Tungependa kusema ulidumu, lakini haukudumu. Ndani ya miaka michache ulifungwa. Watu walikuwa na ugomvi wao, na zaidi ya hapo kazi yenyewe ilihama. Ford alikuwa anajenga kiwanda kikubwa zaidi kando ya mto Rouge, Dearborn, na ilipofika 1927 uzalishaji ulikuwa umehamia huko. Familia zilizokuwa zimeanza kujuana na majirani zikafunga mizigo tena. Mabiharusi wetu, hili mlijue: kuhama kwa ajili ya kazi mara nyingi si mara moja.

Huko Dearborn walianza upya. Mwaka 1938 walijenga msikiti mwingine mtaa wa Dix, karibu na kiwanda, wakaanzia chini, chumba cha ardhini kwanza, wakaswalia humo na kufanyia shughuli zao mpaka jengo la juu lilipopatikana miaka ya mbele. Kina mama walipika na kuuza ili msikiti upate fedha. Harusi zilifanyiwa humo humo, kwani ukumbi mwingine wa Waislamu ulikuwa wapi? Katika miaka ya 1970 walifika wahamiaji wapya, wengi Wayemeni, wakashika uongozi, na sherehe zile zikaondolewa msikitini. Kisheria tunaelewa hoja yao, msikiti una heshima yake. Lakini hatuwezi kuacha kuwafikiria vikongwe waliouza vyakula ili paa lipande, kisha wakaambiwa mambo yao wakayafanyie kwengine.

Wasioajiriwa viwandani walitembea. Cedar Rapids, Iowa, Waislamu wa kutoka Lebanon na Syria walianza kwa kubeba mizigo mgongoni shamba hadi shamba, wanawauzia wake wa wakulima sindano, nyuzi, vifungo na vitambaa. (Biashara yetu hasa!) Mwaka 1934 walimaliza msikiti wao wa mbao, mdogo kama nyumba ya kawaida iliyowekewa kuba. Ulipopatikana mkubwa miaka ya 1970 ule mdogo uliuzwa, ukapita mikono ya watu wengine, na miaka ya 1990 Waislamu wakaununua tena na kuukarabati. Mpaka leo upo.

Na leo Iowa hiyohiyo kuna familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, Cedar Rapids na Iowa City. Columbus, Ohio, wapo Wasomali waliopitia kambi za Kenya, na Kiswahili wanakijua. Kwa hiyo huenda biharusi wetu akaamkiwa "Hujambo, dada" dukani kabla hajamaliza wiki.

Alirudi Alhamisi kujaribisha. Tulimsimulia yote haya, akacheka sana kwa habari ya chungu, kisha akanyamaza, akauliza kama dira zake azibebe zote au aache nusu kwa mama yake. Tukamwambia abebe zote. Ila zile mbili zilizokuwa bado mashineni tumeziongeza inchi mbili kwapani na mikononi, apate kuvaa sweta ndani.