Viti vya NCCR vilivyopotea Buha

Vumbi la Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2010 lilipotulia, NCCR-Mageuzi ilikuwa na wabunge wanne wa majimbo, wote kutoka Kigoma. Watatu walitoka nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha: Moses Machali wa Kasulu Mjini, Agripina Buyogera wa Kasulu Vijijini na Felix Mkosamali wa Muhambwe, wilayani Kibondo. Wa nne, David Kafulila, alikuwa jirani yao wa Kigoma Kusini. Chama kilekile ambacho mwaka 1995 kilimpa Augustino Mrema takribani asilimia 28 ya kura za urais, kisha kikaparurana chenyewe kwa chenyewe, kilifufukia kwa Waha.

Kwa nini huko? Mimi naanzia 1972. Mwaka huo ilikuja Operesheni Kigoma, moja ya operesheni za mwanzo za kuhamishia watu vijijini. Waha walikuwa wakiishi kwa kutawanyika milimani, kila kaya na migomba yake. Wakaamriwa kushuka na kujipanga kando ya barabara. Hata leo, vijiji vingi vimenyooka mstari mmoja, mashamba yako mbali, na mama anarudi jioni na kuni kichwani baada ya mwendo mrefu. Hakuna aliyepigia kura mpango ule.

Mageuzi ya pili nayo yalishuka kutoka juu. Serikali ilitia saini makubaliano na IMF mwaka 1986, na katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kugombania kahawa na vyama vya ushirika. Mkulima alipata wanunuzi wengi, lakini bei ikawa ya soko la dunia, na hilo halina ofisi Kasulu ya kwenda kulalamika. Hata vyama vingi, vilivyohalalishwa mwaka 1992, vilikuja ingawa Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi, ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee.

Basi kura za 2010 naziona kama jibu lililochelewa. Bungeni wanne hao hawakukaa kimya. Kafulila ndiye aliyelivalia njuga sakata la fedha za akaunti ya Escrow mwaka 2014, lililoondoka na mawaziri.

Lakini 2015 viti vyote vinne vikaanguka. Machali alikwishahamia ACT-Wazalendo, na mwaka uliofuata akaingia CCM. Kafulila naye akaishia CCM, akawa mkuu wa mkoa wa Simiyu. NCCR ilibaki na jimbo moja tu nchini, Vunjo ya James Mbatia. Katika Buha upinzani ulijishikiza Buyungu, kwa Kasuku Bilago wa Chadema; alipofariki mwaka 2018, CCM ikalirudisha jimbo hilo.

Kosa halikuwa la wapiga kura. Walipewa wagombea hodari, hawakupewa chama. Mwaka 2020 Kasulu Mjini ilimchagua Joyce Ndalichako wa CCM.