Mtepe Uliobaki Kabatini

Maji ya mto Themi yanayokatiza jiji la Arusha hayaishii Arusha. Hushuka kusini, hukutana na maji mengine ya Mlima Meru yanayoingia mto Kikuletwa, hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushika mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Mkazi wa Sakina au Tengeru anayedhani habari za vyombo vya baharini ni za watu wa pwani peke yao, na ayafuate maji hayo.

Karne ya 19 walikuwapo walioyafuata, tena kwa miguu na mizigo kichwani. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani ilipanda na bonde la mto, ikapita Upare na Arusha Chini, ikafika Kilimanjaro na Meru, na wenye moyo wakaendelea Umasaini. Mwaka 1887 Samuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel walipita Meru na msafara wao wakiwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyeijua njia. Pembe zikifika pwani zilipakiwa vyomboni kwenda Unguja. Kwa hiyo uchumi wa miteremko ya Meru ulikuwa na mguu mmoja baharini kabla hata Wajerumani hawajajenga Boma la Arusha.

Vyombo vya mwambao huo vilikuwa vya aina nyingi, na baadhi viko hadi leo: dau, mashua, jahazi, ngalawa. Kimoja hakipo. Mtepe, chombo kikubwa kilichoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulikuwa umeshakuwa adimu mno kufikia miaka ya 1930, na leo hakuna hata mmoja mzima uliosalia kutoka enzi zake. Kilichosalia ni mifano: mitepe midogo iliyotengenezwa kwa mkono na kuwekwa kwenye makabati ya makumbusho, Lamu, Mombasa na hata London. Mingi ya mifano ya namna hii imezeeka vibaya. Kuikarabati ni kazi ya pekee, kwa sababu anayeishika hashiki pambo. Anashika ushahidi.

Mtepe wenyewe ulikuwaje? Waliosifika kwa kuujenga ni Wabajuni na jirani zao wa visiwa vya Lamu. Mbao zilipangwa ubavu kwa ubavu, zikashikizwa kwa vigingi vya mti, kisha zikatobolewa kwa keekee na kushonwa kwa kamba za usumba. Tanga halikuwa la pembe tatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, tena la mkeka uliosukwa. Gubeti lilichongwa mfano wa kichwa na shingo ya ngamia, likachorwa jicho kila upande, na mapokeo husema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Mbele zilining'inizwa bendera na shada. Chombo kilivuja, hilo halifichiki, na mabaharia hawakupumzika kuteka maji ya ngama. Lakini kilipogusa fungu la mchanga hakikupasuka. Kilinepa, kikatulia, kikangoja maji kujaa.

Ushonaji huo ni wa kale kuliko mji wowote unaosimama leo katika mwambao huu. Kitabu cha Kiyunani cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi, kilichoandikwa karne ya 1, kinataja vyombo vya kushonwa katika bandari ya Rhapta. Rhapta ilikuwa wapi, wataalamu wangali wanabishana. Wapo waliopendekeza Pangani, wapo walioelekeza kidole delta ya Rufiji. Machi 1498 watu wa Vasco da Gama walipofika kisiwa cha Msumbiji waliandika kuwa vyombo vya wenyeji havina misumari, mbao zimefungwa kwa kamba na matanga ni ya mikeka. Wasimulizi wa zamani walieleza kwamba baharini kuna milima ya sumaku inayong'oa misumari ya meli. Hadithi tamu, ila jibu lipo ufukweni: chuma kilikuwa ghali, na mnazi ulikuwa mlangoni.

Mwanahistoria Erik Gilbert, katika makala yake ya mwaka 1998, aliuliza swali lililo gumu zaidi: mbona mtepe ulichelewa kufa, hali misumari ilikuwa imeshajaa sokoni? Jibu lake liko katika biashara ya ndani ya mwambao, hasa ile ya boriti za mikoko. Nyumba za mawe za Unguja zilihitaji boriti, visiwa vya Lamu vilikuwa na mikoko, na fundi wa kule aliweza kuunda chombo kwa vitu vilivyomzunguka bila kununua chuma cha kutoka ng'ambo. Biashara hiyo ilipobadilika, mtepe ukakosa kazi.

Walioandika habari zake waliwahi kwa taabu. Lydekker alichapisha maelezo yake mwaka 1919, Hornell mwaka 1941, kisha Mholanzi A. H. J. Prins, aliyetoa kitabu juu ya mabaharia wa Lamu mwaka 1965, akaendelea kuuchunguza kwa miaka mingi. Yeyote anayetaka kuujua mtepe hana budi kuweka mezani vitu vitatu, yaani maandishi hayo, picha chache za zamani, na mifano.

Kuhusu mifano, pana tofauti ya kuchekesha kidogo na habari za Uingereza. Mwaka 1851 Duke wa Northumberland alitangaza zawadi ya gini 100 kwa atakayebuni mashua bora ya uokoaji, inayoweza kujigeuza yenyewe ikipinduka. Yaliletwa mapendekezo 280, michoro na mifano, na mshindi akawa James Beeching, muunda mashua wa Great Yarmouth. Kwao mfano ulitangulia chombo. Kwa mtepe mambo yalikwenda kinyume: chombo kilitangulia kuondoka, mfano ukabaki nyuma kukisemea.

Sasa tuseme mfano wa namna hiyo, wa urefu wa mkono hivi, umeletwa kwa fundi wa ukarabati. Tanga la mkeka limeliwa na wadudu na kubaki kipande kilichoshikamana na foromali. Ubavu mmoja kamba zimekatika na mbao mbili zimeachana. Kuna mtu mwenye nia njema aliyepigilia misumari midogo ya chuma, ikapata kutu na kuchafua mti kwa weusi. Mwingine amepaka vanishi. Jicho la kulia linaonekana, la kushoto limefifia.

Fundi mzuri huanza kwa kutofanya kitu. Hupiga picha kila upande, akahesabu matundu ya kamba, akachora njia ya kila uzi: umeingia wapi, umetokea wapi, umevuka mara moja au mbili. Vumbi hulitoa kwa brashi laini, si kwa kitambaa chenye maji, kwani usumba ukilowa huvuta na mbao kavu hunywa maji na kujikunja. Kila kipande kilichodondoka, hata kigingi cha ukubwa wa njiti ya kiberiti, huingia katika mfuko wake na kuandikwa kilipookotwa. Kisha huangalia chini. Akikuta unga mwembamba kwenye meza asubuhi, ajue dumuzi yu hai ndani ya mti. Dawa inayotumika makumbusho mengi ni baridi: mfano hufungwa vizuri katika plastiki, ukawekwa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, na haufunguliwi mpaka urudie joto la chumba.

Kushona ndiko kunakohitaji adabu. Kamba mpya isokotwe kwa usumba uleule, si nailoni, lakini iachwe na rangi tofauti kidogo ili mtu wa kesho aone kipi cha asili na kipi cha kuongezwa. Gundi iwe ile inayoweza kulegezwa, kama gundi ya ngozi inayokubali joto na maji. Msumari wenye kutu, ikiwa kuung'oa kutapasua ubao, heri ubaki. Na jicho lililofifia libaki limefifia. Watazamaji hupenda macho yanayong'aa, lakini rangi mpya juu ya ile ya kale ni maneno yaliyotiwa mdomoni mwa shahidi.

Kuna jambo jingine ambalo hata waangalizi hodari husahau. Chombo majini hubebwa pande zote. Kabatini hukalia mkuku peke yake, na uzito wote wa mbavu huvuta mishono kwenda nje. Mfano wa kuonyeshwa unahitaji kitako kilichochongwa kufuata tumbo lake, chenye kitambaa laini, na kishike sehemu mbili zilizo imara. Nyufa nyingi zinazolaumiwa uzee ni kosa la kitako.

Hata hivyo mfano si msahafu. Kamba ya usumba haikubali kusokotwa nyembamba kwa kadiri ya mfano, kwa hiyo mshono wa mtepe mdogo huwa mnene na matundu huwa machache kuliko ya chombo chenyewe. Anayepima mfano na kuzidisha kwa hesabu tu atajenga kitu kisichowahi kuelea.

Jaribio kubwa la kutoka mifano hadi chombo lilifanyika Unguja. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa, ukawa kiini cha maonyesho ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Ulijengwa kwa ajili ya kutazamwa, na kwa vizazi vya sasa ulikuwa ndio mtepe wa kwanza kuonekana kwa macho. Lakini jumba lenyewe lilikuwa limechoka. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakafariki. Kuhifadhi chombo bila kuhifadhi paa lake ni nusu ya kazi.

Arusha nayo ina hatari zake kwa vitu vya aina hii, ingawa si zile za chumvi na unyevu. Jiji liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Januari hapa si hewa ya Lamu. Mti uliokaa miaka katika unyevu wa pwani ukiletwa huku husinyaa, na mbao zilizobanana huanza kuachia. Ongeza vumbi laini la udongo wa volkano, ambalo kila mama wa nyumba wa Arusha analijua, likiingia katikati ya nyuzi na kuzisaga polepole.

Vitu vya pwani vimepanda huku kwa muda mrefu. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 hivi kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi, lilizungukwa upesi na maduka ya Waswahili, Wahindi na Wagiriki, na humo ndimo mji ulimoanzia. Leo Boma hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Basi msomaji mwenye chombo kidogo cha kushonwa alichoachiwa na babu au bibi wa asili ya Pangani, Tanga au Lamu, asikipeleke kwa fundi rangi. Akipige picha, aandike nani alikitengeneza na kilitoka wapi wakati wazee wanaojua wangali hai, akiweke mbali na dirisha, halafu aulize watu wa makumbusho. Vanishi isubiri.